Sura ya Nne: Ramani Yenye Unene wa Ukucha

Mvua za Machi zikishakolea, kuta za Munkunyu huanza kuota kijani. Nyumba nyingi za huku husimama juu ya msingi wa mawe yaliyoshikanishwa kwa saruji, na nyuma ya nyumba, pale matone ya bati yanapogonga na jua halifiki, ukoga hujitandaza. Atakayechuchumaa kuutazama kwa karibu ataona kwamba haukujitandaza ovyo. Kwenye saruji iliyopigwa mwezi uliopita hakuna kitu. Kwenye saruji kuukuu, iliyonyeshewa miaka na miaka, kuna vipande bapa vya kijani vyenye ncha zilizogawanyika kama panda ya manati. Kwenye jiwe lenyewe, sentimita mbili tu kutoka hapo, kuna mmea mwingine kabisa, mdogo, majani yake yamepangwa safu mbili kama meno ya zipu. Chini, pale majivu ya jikoni yanapomwagwa kila asubuhi, kuna wa tatu. Maji ni yale yale, kivuli ni kile kile, mwenye nyumba ni yule yule. Kemia ndiyo iliyobadilika.

Kiswahili huviita vyote ukoga, au kuvumwani, na kwa shughuli za kila siku hilo latosha. Nani ana haja ya majina matatu kwa kitu kinachoteleza mguu? Wataalamu wa mimea lakini hutenga kundi moja na kuliita hepatiki, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Waganga wa Ulaya ya kale walitazama mmea bapa wenye vipande vya kijani, wakaona sura ya ini, wakaamua kwamba lazima unatibu ini. Hautibu. Jina likabaki. Leo dunia inahesabu zaidi ya spishi 7,000 za hepatiki: nyingine bapa kama zile za kwenye saruji, nyingi zaidi zenye shina jembamba na majani ya unene wa seli moja.

Unene wa seli moja. Hapo ndipo habari yote ya sura hii ilipojificha. Mgomba una mizizi, na mizizi huchagua: huingiza hiki, hukataa kile, hutafuta maji chini pakikauka juu. Jani la mgomba limepakwa nta, mvua huteleza. Hepatiki haina mizizi. Ina vijinyuzi vya seli moja moja vinavyoishikiza chini, na chakula chake huingia kupitia mwili mzima. Chochote kilichoyeyuka ndani ya tone la maji lililokaa juu yake kimeshafika mlangoni, na mlango wenyewe ni mwepesi. Mmea wa namna hiyo haujui habari za udongo wa mita moja chini. Unajua tabaka la juu kabisa, lenye unene wa ukucha wa kidole gumba, na unalijua kuliko mkulima yeyote.

Kwa anayetaka kuisoma ramani hiyo, ni vigumu kupata darasa bora kuliko wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Ukisimama Munkunyu, kusini unaitazama tambarare inayoshuka hadi Ziwa Edward, kwenye mwinuko wa mita 900 na ushee. Ukigeuka kaskazini, milima ya Rwenzori inapanda hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, kwenye theluji ambayo Wakonzo huiita nzururu. Katikati ya miinuko hiyo miwili kuna ziwa la chumvi, majivu ya volkeno za kale, miamba ya chokaa, misitu yenye udongo mchachu, vinamasi vya baridi, na bonde moja lililojaa shaba. Mtu anaweza kupita kemia zote hizo bila kutoka nje ya wilaya.

*

Mmoja wa watu wa kwanza kuzipa hepatiki za milima hii majina ya kitaalamu hakuwahi kukanyaga hapa. Mnamo 18 Juni 1906 mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alifika kilele cha Margherita, na msafara wake ukarudi nyumbani na picha za Vittorio Sella, mawe ya mwanajiolojia Alessandro Roccati, na mimea iliyokaushwa. Vifurushi vya hepatiki vikamfikia mtaalamu kijana wa mimea, Giuseppe Gola, ambaye mwaka 1907 alichapisha maelezo ya spishi mpya kutoka kwenye vilele vya Rwenzori. Mojawapo aliipa jina la daktari wa msafara, Achille Cavalli Molinelli. Leo inaitwa Tetralophozia cavallii.

Ingeishia hapo, Gola angekuwa jina moja zaidi kwenye vibandiko vya makumbusho. Lakini mwaka 1910 alitoa insha ndefu, kurasa zaidi ya 200, yenye dai zito: kwamba kinachopanga mimea juu ya uso wa dunia ni wingi wa chumvi zilizoyeyuka katika maji ya udongo. Aliigawa mimea makundi mawili makubwa, ile inayopenda udongo wenye chumvi nyingi za madini, na ile inayoishi kwenye udongo maskini, wa kunatanata kama uji uliopoa. Mwaka mmoja kabla yake, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, mkemia S. P. L. Sørensen alikuwa amebuni kipimo cha pH ili kupima uchachu. Kipimo cha Sørensen kikashinda. Kilikuwa rahisi, kilikuwa na namba, na ndani ya miaka ishirini kila mtaalamu wa udongo alikitumia; nadharia ya Gola ikasahaulika. Ni dhuluma kidogo, kwa sababu mtu anayeteremka kutoka Rwenzori hadi ziwa la chumvi la Katwe atamhitaji mmoja kwa nusu ya safari na mwingine kwa nusu iliyobaki.

Tuanze na nusu ya Gola, Katwe. Ziwa hili limekaa ndani ya shimo la volkeno, na watu wamevuna chumvi hapa kwa karne nyingi, wakiipeleka hadi Kongo kupitia njia zinazopita Bwera. Kandokando ya mabwawa ya kuvunia hakuna hepatiki. Sababu ni ile ile inayofanya samaki wa ng'onda asioze: chumvi huvuta maji. Seli iliyozungukwa na maji ya chumvi kali hunyonywa hadi isinyae, na mmea usio na nta wala mizizi hauna pa kujifichia. Hakuna hepatiki hata moja inayoishi baharini. Jenasi ya Riella imejaribu zaidi ya nyingine. Baadhi ya spishi zake huishi kwenye vidimbwi vya maji ya chumvichumvi kandokando ya Mediterania na kusini mwa Afrika, na hata hizo husubiri mvua izimue maji ndipo zichipue.

Ukiondoka ukingoni, mambo hubadilika haraka. Tambarare ya Katwe na Kikorongo imenyunyiziwa majivu ya volkeno zenye potasiamu nyingi kupita kiasi. Mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes alichunguza miamba ya huku magharibi mwa Uganda, akaiona ya ajabu hivi kwamba ikabidi iundiwe majina mapya, na majina yakatoka papa hapa: katungiti, mafuriti, ugandaiti. Udongo uliotokana na majivu kama hayo hauna uchachu mwingi, una madini tele, na ukipata maji unazaa. Pamba iliyopeleka magunia kwenye vyama vya ushirika vya Nyakatonzi inaufahamu udongo huo. Hepatiki zinazoupenda ni za jenasi ya Riccia, duara dogo la kijani lililolala chini kama sarafu iliyodondoka shambani. Riccia huota pale jembe lilipoacha ardhi wazi, hutoa mbegu zake za vumbi upesi upesi, kisha hukauka mvua zikikatika. Majirani wakubwa wakija, huondoka.

Njiani kuelekea Kasese kuna Muhokya, ambako chokaa huchomwa kwenye matanuri, na mbele zaidi Hima, ambako chokaa hugeuzwa saruji. Hapa pH hupanda juu ya 7, na kalsiamu hutawala. Kipimo hiki huenda kutoka 0 hadi 14. Maji safi ni 7, ndimu ni karibu 2, magadi hufika 11, na kila hatua moja ni mara kumi. Saruji mbichi huzidi 12, ndiyo maana ukuta mpya wa Munkunyu haukuwa na kitu. Mvua na hewa ya ukaa huilainisha taratibu, kuigeuza kuwa kitu kinachofanana na jiwe la chokaa, na hapo hepatiki bapa huingia: jamii za Plagiochasma, Targionia, Marchantia. Watu wa Munkunyu wanapojenga msingi kwa saruji, wanahamisha kipande cha Hima na kukipandikiza mahali ambapo hakikuwepo, na mimea ya chokaa hukigundua.

Kalsiamu yenyewe si sumu, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. Mbona basi hepatiki za milimani hazishuki kwenye chokaa? Jibu liko kwenye kuta za seli zao. Ukuta wa seli ya hepatiki umejaa vituo vyenye chaji hasi, na kila kituo hukaliwa na chembe yenye chaji chanya. Ufikirie kama taksi ya watu 14 ya Kasese kwenda Bwera. Kalsiamu hupenda siti na hukaa imara. Potasiamu hukaa kwa mashaka, akija mwingine mwenye nguvu huteremshwa. Kwenye udongo mchachu, haidrojeni hujaza gari, na mmea uliozoea hali hiyo umejenga maisha yake yote juu ya abiria wachache wa madini wanaopanda mara moja moja. Umwagie chokaa, gari lake linajaa kalsiamu hadi mlangoni, chuma kinakosa kuyeyuka, na mmea unakuwa manjano ukiwa katikati ya neema.

*

Nusu ya Sørensen inaanza pale barabara inapoanza kupanda. Mwamba wa Rwenzori si wa volkeno. Ni pande kubwa la miamba ya kale sana lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa. Sehemu kubwa ni naisi na kwatzaiti, mawe yanayotoa madini kwa ubahili. Juu yake mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua nyingi ni kama ufuaji usiokwisha: kalsiamu na magnesiamu huoshwa kupelekwa mtoni, Mubuku, Nyamwamba na Nyamugasani zinabeba hadi kwenye maziwa, udongo unabaki na haidrojeni. Ukishuka chini ya pH 5, alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya udongo huanza kuyeyuka, na alumini iliyoyeyuka huchoma ncha za mizizi. Mahindi huudhika. Hepatiki, isiyo na mizizi ya kuchomwa, hustawi.

Kwenye vijito vya msitu Dumortiera hirsuta hulala juu ya mawe yenye maji, pana na ya kijani kizito. Juu zaidi, katika ukanda wa miti ya Erica, wageni wengi hupiga picha ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini na hawaangalii kilicho chini ya viatu vyao wala kilichovaa mashina: mito ya hepatiki za majani, Plagiochila, Herbertus, Lepidozia, nyekundu, kahawia, manjano, mara nyingine minene kuliko tawi lililoibeba. Kiasi cha mzigo wa namna hii kilipimwa Tanzania, kwenye milima ya Uluguru, na Mhungaria Tamás Pócs. Katika msitu mfupi wa ukungu alikuta karibu tani 14 za mimea ya kupanda juu ya miti kwa hekta moja, uzito mkavu, nyingi ikiwa kuvumwani na hepatiki. Mvua moja ingeweza kuacha lita 50,000 zimeshikwa humo. Chapisho lake la 1980 hunukuliwa kwa habari ya maji. Lakini kila lita iliyopita humo imebadilishwa pia kikemia, imeacha kalsiamu kwenye siti na kuchukua haidrojeni, kisha ikadondoka chini ikiwa chachu zaidi ya ilivyoingia.

Kwa maneno mengine, hepatiki na jamaa zake hawasubiri udongo mchachu. Wanausaidia kuwa mchachu. Bingwa wa kazi hiyo ni Sphagnum, aina ya kuvumwani inayotanda kwenye vinamasi vya juu pamoja na vichuguu vya nyasi ya Carex runssoroensis, ambavyo wapandaji huvirukia kimoja baada ya kingine wakienda Bujuku. Sphagnum hupokonya madini maji ya mvua na kuachilia haidrojeni, hadi mimea iliyokufa haiozi tena sawasawa na inajirundika kuwa mboji. Katikati ya mashina yake hutambaa hepatiki nyembamba kama uzi, za jamii za Cephalozia na Calypogeia, zisizotaka kuona chokaa hata kwa mbali.

*

Halafu kuna Kilembe, ambako sheria zote zilizotajwa hapo juu huvunjwa.

Shaba ya bonde la Nyamwamba ilijulikana tangu siku za msafara wa Abruzzi. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilipofika Kasese, na shaba ikasafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Kwa miaka ishirini hivi ilikuwa fahari ya uchumi wa Uganda. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ilikuwa imesimama. Kilichobaki ni makapi bondeni, na mjini Kasese rundo la piriti yenye kobalti, takribani tani milioni 1.1.

Piriti ni chuma kilichofungamana na salfa. Ikiwa chini ya ardhi hulala kimya kwa mamilioni ya miaka. Ikipata hewa na maji huwaka bila moto: salfa hugeuka kuwa asidi ile ile iliyo ndani ya betri ya gari, chuma hugeuka kutu, na bakteria wanaojilisha kwa kazi hiyo huiharakisha maradufu. Mvua zikaisukuma asidi kutoka kwenye rundo, ikashuka na kuingia hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth, ambayo wakati huo ilikuwa imepewa jina la Rwenzori. Mwaka 1974 Eric Edroma, aliyekuja kuwa mkuu wa hifadhi za taifa za Uganda, alichapisha katika jarida la ikolojia la Uingereza utafiti juu ya uchafuzi wa shaba ndani ya hifadhi hiyo. Njia ya asidi ilionekana kwa macho: ukanda wa ardhi uchi, wenye magamba ya njano na nyekundu, unaopita katikati ya nyasi kama kovu la moto wa pasi. Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mwaka 2007, Hannington Oryem-Origa wa Makerere na wenzake walitoa matokeo ya majaribio ya kuona kama mimea inaweza kushika tena kwenye njia hiyo. Bado palikuwa na kazi.

Kati ya 1999 na 2013 kampuni ya kobalti ya Kasese ilifanya jambo la kijanja: iliwachukua bakteria wa aina ile ile iliyokuwa ikichafua, ikawaweka ndani ya matangi, ikawalisha piriti na kuvuna kobalti. Rundo likaisha. Udongo wa njia ya asidi haukuwa sehemu ya hesabu.

Shaba kwa mmea ni kama chumvi kwenye mchuzi. Bila chembe yake seli haiwezi kupumua sawasawa, na ikizidi huua. Rudi kwenye taksi: shaba ni abiria anayepanda na kuwateremsha wote, kalsiamu akiwemo, kisha hashuki tena. Ndiyo maana mkulima wa kahawa hunyunyiza mrututu uliochanganywa na chokaa kuua kuvu, na ndiyo maana mrututu huo huo hufuta ukoga kwenye mapaa. Kwa mujibu wa sheria hii Kilembe ingepaswa kuwa jangwa la hepatiki.

Isipokuwa Ulaya ilishagundua zamani kwamba sheria ina watoro. Cephaloziella nicholsonii na Cephaloziella massalongi, hepatiki ndogo sana hivi kwamba majani yake hayaonekani sawasawa bila kioo cha kukuza, hupatikana kwenye makapi ya migodi ya shaba iliyofungwa Cornwall, Uingereza. Hapo pia kuna kuvumwani kinachoitwa Ditrichum cornubicum, ambacho dunia nzima kinajulikana kwenye migodi michache tu ya Cornwall na sehemu moja Ireland. Migodi hiyo sasa inalindwa kisheria. Mtu akija na trekta na nia njema ya kusafisha uchafu, atazuiwa mlangoni.

Kwa nini zipo pale? Mabishano juu ya swali hili yalichangamka miaka ya 1950. Msweden Herman Persson alikuwa akikusanya mifano ya mimea aliyoiita kuvumwani za shaba. Mwaka 1955 Albert Schatz, yule yule aliyeshiriki kugundua dawa ya streptomaisini kutoka udongoni mwaka 1943, aliandika kwamba huenda si shaba inayovutia bali salfa iliyoambatana nayo. Wengine wakasema ni uchachu tu, kwa sababu piriti huja na asidi. Wengine wakasema hakuna kinachovutia: mimea hii ni dhaifu mno katika kugombania nafasi, na inaishi penye sumu kwa sababu hapo hakuna mwingine anayeweza kuifunika. Hoja hii ya mwisho haipendezi sana, haina mahaba ya mmea na madini, lakini ndiyo inayoshikika zaidi. Riccia ya shamba la Munkunyu huishi kwa mtindo huo huo. Tofauti ni kwamba huko jembe ndilo linalowaondoa wakubwa, na Cornwall sumu.

Kusini-mashariki mwa Kongo shaba imefanya jambo kama hilo kwa mimea mikubwa zaidi. Katanga, jimbo ambalo Rais Mobutu alilipa jina la Kiswahili, Shaba, kuanzia miaka ya 1970 hadi 1997, vilima vyenye madini hujitokeza katikati ya msitu wa miombo vikiwa wazi, bila miti. Juu yake huota Haumaniastrum katangense, wa jamii ya mrihani, na watafuta madini wa kigeni wakautumia kama kibao cha njia. Wanaakiolojia nao wakajifunza kuufuata. Mahali mmea huo ulipoota mbali na kilima chochote cha shaba, mara nyingi chini yake palikuwa na mabaki ya tanuri ambapo wafua shaba wa kale waliyeyusha madini na kumimina misalaba ya biashara. Tanuri lilipoa karne nyingi zilizopita, udongo haujasahau.

Mtu anayetaka kuanza kutafuta hepatiki za shaba Afrika Mashariki ana mahali pa wazi pa kuanzia, kwenye makapi ya Kilembe yenye unyevu, kando ya Nyamwamba. Lakini awe mwepesi. Mnamo 1 Mei 2013 mto ulivunja kingo, na Mei 2020 ukarudi kwa nguvu zaidi ukaharibu hospitali ya Kilembe na makazi ya watu. Kila furiko hukata kingo za makapi na kuyatandaza chini, juu ya migomba, juu ya viazi, hadi kuelekea Ziwa George. Abraham Mwesigye na wenzake, walioandika mwaka 2016 kuhusu madini yanayowafikia wakazi wa eneo la mgodi, walikuwa wanafuatilia shaba na kobalti kwenye udongo wa bustani na kwenye chakula. Ramani ya hapa inachorwa upya kila mto unapokasirika.

Kuna njia nyingine ya polepole ambayo shaba husafiri, na haihitaji mgodi. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza N. M. Dickinson na N. W. Lepp, pamoja na mwenzao, walichapisha vipimo kutoka shamba la kahawa la Kenya lenye umri wa miaka 68. Mrututu wa kunyunyizia ulikuwa umejikusanya, na sehemu kubwa haikuzama. Ilibaki juu, kwenye majani makavu na tabaka la kwanza la udongo, imeshikwa na mboji. Mizizi ya kahawa ilikuwa chini zaidi. Tabaka lile la ukucha, ambalo hepatiki huliita nyumbani, ndilo lililobeba mzigo.

Kwenye vitalu vya kahawa vya miteremko ya Kasese, mambo ni kinyume. Miche hukaa kivulini, humwagiwa maji asubuhi na jioni, na mbolea hunyunyizwa juu ya udongo wa viriba. Naitrojeni, fosfati, unyevu, kivuli: kama mtu angeagizwa kuandaa kitanda cha Marchantia asingefanya vizuri zaidi. Inaanza na kipande kimoja chenye vikombe vidogo mgongoni, kila kikombe kikiwa na visahani vya kijani vinavyorushwa na tone la maji. Baada ya muda kiriba kizima kimefunikwa, na maji hayapenyi tena kufika kwenye mche. Mwenye kitalu huchukua kijiti, huukwangua ukoga wote kwa mkupuo mmoja, na kuurusha nyuma ya nyumba, kwenye msingi wa ukuta, penye saruji kuukuu na matone ya bati.